Upande wa Bwana Seif

Kuna sauti moja ambayo watoto wa siku hizi hawaijui: kitufe cha redio kaseti kinapobonyezwa. Tak, halafu vumo dogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Niliisikia tena mwezi uliopita kule Peckham, kwenye duka ninaponunua muhogo. Mwenye duka ana redio ya zamani juu ya friza la samaki, na wakati nikichagua ndizi mbichi akaibonyeza. Tak. Kabla muziki haujaanza nikasikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa, kinywa kikanikauka, na mara nilikuwa nimekaa kwenye zulia la kahawia huko Tottenham, mtoto wa miaka kumi na moja, nimefunga, na wanaume watatu wananitazama mdomoni.

Acha nikueleze taratibu, maana bila ya kujua mambo mawili matatu hutaelewa kwa nini Wazanzibari watu wazima walikuwa wakigombana juu ya mchezo wa Kimarekani ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona kwa macho.

Tulikuwa tukikaa ghorofa ya saba kwenye jengo la kaunsili, yaani nyumba za halmashauri. Wazee wangu waliondoka Unguja miaka michache baada ya Mapinduzi, kaka yangu Nassor akiwa mgongoni mwa Mama. Mimi nilizaliwa London. Walikuwa wamekaa mji huu muda wa kutosha kujua basi gani linachelewa na duka gani linapunja, lakini nyumba yetu haikuwahi kutulia. Juu ya kabati kulikuwa na masanduku mawili ambayo Mama hakuyamaliza kuyafungua. Alikuwa akitoa kitu anachokihitaji na kulifunga tena sanduku, mikanda na yote. Simu ikilia sote tulisimama. Mlango ukigongwa, Baba alivaa koti kwanza ndipo akaenda kufungua, hata kama aliyegonga ni mtoto wa jirani aliyepoteza mpira.

Nassor alinizidi miaka tisa. Skuli alikuwa mrushaji mzuri wa kriketi, mwenye mkono mrefu na jicho kali, na mwalimu wake mmoja aliyekuwa na rafiki Marekani akamwandikia rafiki huyo. Sijui yaliandikwa nini. Ninachojua ni kwamba chuo kimoja kilikubali kumlipia masomo yote, kwa sharti kwamba mkono ule aliorushia kriketi aufundishe kurusha besiboli. Akaenda. Miaka miwili ikapita bila ya kurudi, maana wakati wa likizo alikuwa akifanya kazi, na nauli ya ndege haikuwa kitu cha mchezo. Simu alipiga mara moja kwa mwezi, nayo ilikwisha kabla hatujamaliza kusalimiana.

Lakini alituletea kaseti kwa posta.

Chuo kile kilikuwa na redio yake ndogo, wanafunzi wenyewe ndio watangazaji, na kila timu ilipocheza mchezo ulitangazwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwenziwe Nassor wa chumbani alikuwa akirikodi. Nassor akizungumza maneno machache mwanzoni, salamu kwa huyu na yule, kisha unasikia tak, na sauti ya kijana wa Kimarekani anayesema haraka kama anayefukuzwa.

Baba hakuweza kuzisikiliza kaseti hizo peke yake. Alikuwa karani kwenye ofisi ya nyumba, mtu wa maneno machache kazini, na maneno yote aliyoyabana wiki nzima aliyamwaga Jumamosi alasiri pamoja na rafiki zake wawili. Mmoja ni Mzee Othman, mkubwa wao, aliyekuwa akisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini; ujana wake Unguja alicheza kriketi, na hakukuacha usahau. Wa pili ni Bwana Seif, Mpemba, kondakta wa basi, mwembamba, mwenye ulimi uliowachekesha abiria wengine na kuwakasirisha wengine. Hao ndio waliokuwa baraza letu. Kwao walizoea kukaa nje, kwenye kibaraza cha simiti. Tottenham walikaa kwenye zulia, migongo imeegemea kochi, kana kwamba kochi ni ukuta wa nyumba ya mtu.

Sasa hapa ndipo penye jambo ninalotaka ulishike. Baraza la Kizanzibari haliwezi kuwa na upande mmoja. Iwe mpira, iwe vikundi vya taarabu, iwe bata gani mtamu, lazima wawepo wanaotaka na wasiotaka, la sivyo watu watasinzia. Kila mtu kwetu anaujua mtindo huo na hakuna anayeuona wa ajabu. Basi kaseti ya kwanza ilipofika, na wote watatu wakagundua kwamba wanaishabikia timu ya Nassor, Bwana Seif alilalamika kama mtu aliyepewa chai bila ya sukari.

"Hivi sote tutakaa hapa tunamsifu mtoto wa Salum mpaka magharibi? Hiyo ni hitima, si mchezo."

Baba, ndiye Salum, akachukua njiti tatu za kiberiti, moja akaivunja, akazibana kiganjani. Atakayevuta fupi atakuwa shabiki wa wapinzani, wawe nani wawe. Bwana Seif akavuta fupi, akaitazama kwa furaha, na toka siku hiyo hakukubali tena kuvuta. Timu yoyote iliyocheza na chuo cha Nassor ilikuwa timu yake ya moyoni, tangu utotoni, babu yake aliishabikia.

Mama alikuwa jikoni. Hakuwa mtu wa kukaa na wanaume, lakini mlango wa jiko ulikuwa wazi na alisikia kila kitu. Siku ile ya kwanza akapaza sauti:

"Na mimi niwekeni upande wa Seif."

Walicheka mpaka Mzee Othman akakohoa. Mama mzazi! Bwana Seif akainuka akaenda mpaka mlangoni, akaweka mkono kifuani. "Shemeji, umeniheshimu. Sasa nina timu. Hawa wana mashabiki, mie nina mama mzazi wa mrushaji."

Mimi niliona ni huruma. Bwana Seif alikuwa peke yake dhidi ya wawili, na Mama hakupenda kuona mgeni anaonewa nyumbani kwake. Wawili kwa wawili, mizani sawa. Na mimi? Mimi sikuwa na upande. Kiingereza cha yule mtangazaji kiliwashinda wote, hata Baba, kwa kasi yake na kwa maneno ambayo hayamo kwenye kamusi, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi, na Baba alitoa hukumu: mkalimani hana timu. Tena nisijibu kwa Kiingereza. Kila sentensi niigeuze Kiswahili, hata kama ninatafuta neno mpaka jasho linanitoka. Kiswahili nilichonacho leo, na ninachokuandikia, kwa sehemu kubwa nilikipata kwenye zulia lile.

Ikiwa huujui mchezo wenyewe, usijali, nami sikuujua. Nilijifunza kwa kukosea mbele ya watu. Mrushaji anasimama katikati, juu ya kichuguu kidogo cha udongo. Mbele yake yupo mpigaji na gongo lake, ambalo nililieleza kuwa ni kama mchi wa kutwangia uliochongwa na mtu mwenye subira. Mpigaji akikosa mara tatu, au mpira alioupiga ukidakwa kabla ya kugusa chini, katoka. Wakitoka watatu, timu zinabadilishana. Akiupiga mpira, anakimbia kuzunguka kona nne mpaka pale alipoanzia, na hapo ndipo inapohesabiwa pointi moja.

"Anakimbia mbio zote hizo arudi alipokuwa?" Bwana Seif aliuliza. "Si angelikaa tu?"

Nassor alituletea na picha, mkono umerudi nyuma, mguu juu. Baba aliitia fremu akaiweka juu ya televisheni. Mzee Othman alivaa miwani akaikagua muda mrefu, kisha akaivua polepole kama daktari mwenye habari mbaya.

"Salum, mtoto kakunja kiwiko."

"Ndivyo wanavyorusha, Mzee."

"Kriketi ukikunja kiwiko refa anakutoa uwanjani. Ni udanganyifu ule! Nani kamfundisha kukunja kiwiko?"

Ilichukua Jumamosi tatu kumtuliza, na hata alipotulia, kila Nassor aliposifiwa alisema chini chini, "Kwa kiwiko kilichokunjwa."

Mwisho wa kila kaseti mtangazaji alisoma takwimu, na hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipoanza. Mchezo uliwachukua saa tatu, takwimu ziliwachukua mpaka Isha. Siku niliyotafsiri kwamba mpigaji bora wa timu hufanikiwa mara tatu katika kila kumi, Bwana Seif alisimama.

"Tatu katika kumi? Na anaitwa bingwa? Yakhe, mie nikiacha abiria saba kituoni nikachukua watatu, kampuni ya basi itanipa medali?"

Na Nassor, kama mrushaji, alikuwa na namba yake mwenyewe: wastani wa pointi anazowaachia wapinzani katika mchezo mmoja. Namba ilikuwa ndogo sana, ndogo kuliko ya mrushaji mwingine yeyote kwenye timu. Nilipoisoma, Baba aliitazama picha juu ya televisheni. Uso ukamshuka.

"Wa mwisho," alisema. "Mtoto ni wa mwisho."

"Hapana, Baba, ndogo ndiyo nzuri."

"Namba ndogo iwe nzuri vipi?"

"Ni kama presha," Mzee Othman akaeleza, kwa kuwa kriketi nayo ina hesabu kama hiyo na alikuwa na hamu ya kusaidia. "Presha ikiwa ndogo, mtu yu mzima."

"Ikishuka mno anaanguka," alisema Bwana Seif. "Mngojeni aanguke."

Ndivyo tulivyoishi majira ya machipuko yale, tukihangaika na habari za wiki mbili nyuma. Kisha Ramadhani ikaingia, Ramadhani ya mwezi wa Juni, na wewe uliyefunga London mwezi wa Juni unajua ninachokisema. Jua halitaki kuzama. Unarudi skuli, unalala, unaamka, unafanya hesabu, unatazama dirishani, na bado ni mchana mweupe, watoto wengine wanakula aiskrimu chini ya jengo lenu.

Wiki ya kwanza ya mfungo ilikuja kaseti ambayo mwanzoni mwake Nassor alisema zaidi ya salamu. Naikumbuka sauti yake, nzito kuliko alivyoondoka nayo, ikianza kuwa na upepo wa kule.

"Mama, sikiliza. Baada ya wiki tatu tuna mchezo mkubwa. Tukishindwa, msimu umekwisha, na nimeshapata tiketi, nitakuwa nyumbani kabla ya Idi. Tukishinda tunasonga mbele, mji mwingine mbali huko, na mwalimu wa timu anasema watu wakubwa watakuja kututazama. Hapo nitacheza huku kiangazi kizima. Basi tuombeeni."

Baba aliirudisha nyuma tukasikiliza tena. Watu wakubwa watakuja kututazama. Baba alikuwa mwalimu Unguja, na siku alipoondoka aliacha darasa katikati ya somo la jiografia. Kwake yeye mtoto anayesonga mbele ni jambo ambalo halihitaji kufikiriwa mara mbili. Alisimama akatembea mpaka dirishani akarudi.

"Kusonga mbele," alisema. "Umesikia, Mama Nassor? Kusonga mbele."

"Nimesikia," Mama alisema. "Na kabla ya Idi nimesikia."

Kutoka siku hiyo Mama hakukaa chini. Alilitoa godoro la Nassor, akaliegemeza dirishani lipate jua, akaligeuza, akaliegemeza tena. Alishona kanzu kwa kukisia, akanisimamisha juu ya kiti, akanyoosha kitambaa mpaka juu ya kichwa changu na kusema, "Ongeza shibiri. Sasa atakuwa amerefuka." Wiki ya mchezo ikapita, simu haikulia, na Baba akaamua maana yake ni ushindi, kwani mtu anayekuja angelipiga simu apokewe uwanja wa ndege.

"Nassor anapenda kushtukiza," Mama alisema. "Tangu mdogo."

Lifti ya jengo letu ilikuwa na mlango wa chuma uliogonga kila ulipofunguka. Ukigonga ghorofa yetu, Mama alisimamisha mwiko hewani mpaka nyayo zimepita.

Kaseti ya mchezo ule iliingia Jumamosi asubuhi kwa posta ya haraka. Mbili, zimefungwa pamoja kwa mpira wa kufungia karatasi. Safari hii Nassor hakusema kitu mwanzoni. Baba aliziweka juu ya televisheni mbele ya picha, akatoa amri kwamba hakuna kuzigusa mpaka wenzake wafike alasiri. Alipokwenda kuoga, Mama aliniita jikoni, mikono yake imejaa unga wa manda za sambusa.

"Zuhura, mwanangu, huwezi kuipeleka mbele mpaka mwisho? Kidogo tu. Usikie, uniambie."

"Baba kasema tusiguse."

Alinitazama kama anayetaka kusema jambo jingine. "Ndiyo," alisema. "Kasema kweli. Nipe ile brashi ya mafuta."

Wakaja. Hakukuwa na kahawa siku hizo, hakukuwa hata na maji, kwa hiyo waliingia na midomo mikavu na hasira ndogo ndogo za saumu. Bwana Seif alianza mlangoni.

"Shemeji, bado uko timu yangu? Maana leo nasikia mambo ni makubwa, usije ukanihama."

"Niko," Mama alijibu kutoka jikoni. "Leo zaidi."

"Mmesikia hayo? Leo zaidi! Salum, una adui ndani ya nyumba."

Baba alicheka, akabonyeza. Tak.

Sitakuchosha kwa kila mpira. Nassor ndiye aliyerusha toka mwanzo. Timu yake ilianza kwa kuongoza, wapinzani wakasogea wakawafikia, kisha timu yake ikaongoza tena kwa pointi moja. Mimi nilitafsiri nikiwa nimepiga magoti, sikio karibu na spika, ulimi umegeuka gunia. Mzee Othman alikuwa akihesabu kwa tasbihi, jambo ambalo Bwana Seif alisema litamharibia vyote viwili, takwimu na ibada. Kila zamu ya wapinzani ilipofika, Bwana Seif alipiga makofi, na kutoka jikoni Mama aliitikia kwa kugonga sufuria kwa mwiko. Ilikuwa raha. Nilimwonea fahari, mama anayejua kunogesha baraza.

Mlango wa lifti uligonga mara moja wakati wa kubadilisha kaseti. Kimya kile cha kubadilisha kilitosha kuzisikia nyayo zikija, zikikaribia, zikipita. Mama alikuwa ameshatoka jikoni, amesimama kwenye korido, ametazama mlango. Kisha akaja akasimama kizingitini pa sebule, mikono mieupe kwa unga, na hakurudi.

Zamu ya mwisho. Wapinzani ndio wapigaji, wawili wao wameshatoka, lakini wawili wengine wamesimama kwenye kona wakingoja kukimbia. Timu ya Nassor iko mbele yao kwa pointi moja tu. Akaingia kijana mmoja, mtangazaji akamwita Danny. Baba alikuwa amekamata mguu wa kochi. Nassor akarusha, Danny akakosa. Akarusha, akakosa tena. Bado moja.

"Mmoja tu, mwanangu," Baba aliiambia redio. "Mmoja tu."

Nikasikia mlio wa gongo. Mtangazaji akapanda juu, sauti ikapasuka, na maneno yakanijia yote kwa pamoja.

"Kaupiga! Umepaa... unakwenda mbali... bado unakwenda..."

"Nenda!" Bwana Seif alipiga kelele.

"Nenda," Mama alisema. "Nenda, baba, nenda." Hakupiga kelele. Lakini alikuwa ameshika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili, na aliusemesha mpira ule kama mtu anayemhimiza mtoto anayejifunza kutembea.

"...yupo mtu nyuma anakimbia, anakimbia, amefika ukutani..." Nikanyamaza kwa kuwa mtangazaji alinyamaza. Redio ilijaa makelele ya watu, na mimi mwenyewe sikujua. Wote wanne walinitazama.

"Kaudaka," nilisema.

Baba alisujudu palepale. Mzee Othman alisahau tasbihi ikamdondoka, akamkumbatia Bwana Seif, na Bwana Seif, shabiki wa wapinzani tangu babu yake, alikuwa akitokwa na machozi na kusema, "Tumefungwa, wallahi, tumefungwa vizuri." Nilipogeuka, kizingitini hapakuwa na mtu. Kwenye mbao nyeupe zilibaki alama za vidole, unga.

"Hongereni," sauti ya Mama ilitoka jikoni.

Kisha wakaja kwenye takwimu, na hapo furaha ikageuka vita kama kawaida. Namba ya Nassor ilikuwa imeshuka zaidi. Bwana Seif alidai ushindi ule si wake bali wa aliyedaka. Mzee Othman alidai kwamba mpira uliopigwa mbali vile ni kosa la kiwiko. Baba alitaka karatasi apige wastani upya, akihofu vijana wa redio hawajui kugawanya. Nikaachwa, nami nikakimbia jikoni nikiwa na habari ya kumfurahisha Mama.

"Mama, namba yake sasa ndiyo ndogo kuliko ya mtu yeyote, hata wa timu nyingine!"

Alikuwa akikunja sambusa. Alikunja moja, akaifunga kwa gundi ya unga, akaipanga, akashika nyingine.

"Yule kijana," alisema. "Aliyeupiga mpira wa mwisho."

"Danny?"

"Danny. Yeye na wenzake sasa wanakwenda wapi?"

"Hawaendi popote. Wameshindwa, wao wamekwisha. Wanakwenda makwao."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole, kama aliyekuwa akiingoja habari hiyo miongoni mwa namba zote.

"Basi mama yake atamwona," alisema. "Nishikie sinia."

Nilimshikia sinia. Nilikuwa na miaka kumi na moja na niliona ni maneno ya njaa. Nakumbuka hata nilimsahihisha: nilimwambia mama yake Danny lazima alikuwa na huzuni, kwa sababu walikuwa wameongoza mwanzo wa msimu. Mama alisema, "Ee, lazima." Jioni ile tulifuturu kwa furaha. Wanaume walikula sambusa mpaka wakalegea, na godoro la Nassor lilikuwa limeshatolewa dirishani bila ya mimi kuona nani kalitoa.

Nassor alisonga mbele. Watu wakubwa walikuja wakatazama, wakaridhika na vijana wengine, naye hakupata kuwa mchezaji mkubwa. Lakini alimaliza chuo, akapata kazi nzuri, akaoa kulekule, akapata watoto wanaoijua London kwa majina ya viwanja vya ndege. Alikuja majira ya baridi mwaka uliofuata kwa siku chache. Kanzu ya Mama ilimfika juu ya vifundo vya miguu, akaivaa hivyo hivyo. Kaseti ziliendelea kuja mpaka alipohitimu, na katika kila moja, Mama alikuwa upande wa Bwana Seif. Utani ule ukawa mkongwe, wazee wakawa hawaucheki tena, wanatabasamu tu.

Mama alikuwa na ndugu mmoja, mjomba wangu ambaye sikumjua. Siku zile za misukosuko aliondoka Unguja kwa muda mfupi, mpaka mambo yatulie. Barua zake zilitoka kwanza Dar, kisha mji wa mbele yake, kisha mji wa mbele zaidi, kila moja na stempu ngeni, mpaka zikakoma. Hili nililijua tangu mdogo, lakini nililijua kama mtoto anavyojua habari za watu wazima, bila ya kuliweka pamoja na jambo jingine lolote. Halikunijia kichwani siku ile Baba alipotembea sebuleni akirudia maneno yake, kusonga mbele, kusonga mbele.

Nimelielewa mwaka huu. Binti yangu yuko chuo huko kaskazini na anacheza mpira wa pete kwenye timu ya chuo. Majuzi nilikuwa nimeshatandika kitanda chake, nimeshanunua kila anachokipenda, simu ikatikisika mfukoni. Walikuwa wameshinda. Akaniandikia mabao mangapi kafunga, na pasi ngapi, na asilimia zake, ukurasa mzima, kwa Kiingereza kama kawaida yake, na mwishoni kabisa: kwa hiyo siji Ijumaa, tumeingia fainali.

Nilisimama jikoni na simu mkononi. Na hapo, baada ya miaka yote hiyo, nikaona jinsi Mama alivyokuwa na akili. Ni wapi katika dunia mama anaweza kusema hadharani, mbele ya mumewe na rafiki zake, kwamba anataka mwanawe ashindwe? Angelisema kwa maneno yake mwenyewe, wangelimshika kichwa kumsomea kama mwenye pepo. Lakini baraza lilikuwa na nafasi iliyo wazi, kwenye upande wa wasiotaka, na mtu anayekaa upande huo haulizwi sababu. Akaomba kukaa pale. Kila Jumamosi alitamka dua yake kwa sauti kubwa, sote tukasikia, nami nikaitafsiri vibaya kuliko neno lolote la yule mtangazaji.

Nikamwandikia binti yangu: Hongera, mama, nimefurahi sana. Nilikuwa nimefurahi kweli. Ikiwa nawe umewahi kusimama jikoni hivyo, unajua kwamba mambo hayo mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja bila ya kugombana. Kisha vidole vikaandika vyenyewe.

"Mliocheza nao, wao wameshaondoka?"

"Ndiyo," akajibu, "wamepanda basi sasa hivi. Kwa nini?"

"Nimeuliza tu," nikaandika, nikaenda kukitandua kitanda.